KAURE JUU YA CHUMA: MAGARI YA KALE KATIKA NCHI YA CHAI

Mtu wa Mwambao akitajiwa Kericho, kitu cha kwanza kimjiacho ni kikombe. Majani ya huko ndiyo tunayoyapika kwa maziwa na iliki, na ndiyo yanayoshuka kwa mifuko mpaka Mombasa, ambako mnada wa chai umekuwa ukifanyika tangu mwaka 1969. Kwa hiyo baina ya vilima vile vya kijani na bandari yetu pana uhusiano wa zamani. Walakini Kericho imezaa kitu kingine ambacho watu wa pwani hawakizungumzi sana, nacho ni ustadi wa magari.

Huko Kericho ndiko alikozaliwa Joginder Singh, mwaka 1932. Vijana wa leo huenda hawalijui jina hilo, lakini wazee waliokuwa wakisimama kando ya barabara wakati wa Pasaka kuyangoja magari ya Safari wanalijua vyema. Kabla ya kuwa dereva mashuhuri, Joginder alikuwa fundi. Mikono yake iliujua mtambo kabla ya kuujua usukani wa mashindano. Mwaka 1965, yeye na nduguye Jaswant waliishinda Safari kwa gari aina ya Volvo PV544, tena gari lenyewe halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha kushindanishwa katika Safari ya mwaka uliotangulia, likaachwa, wao wakalifungua na kulitengeneza upya. Akashinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, mara hizi mbili kwa Mitsubishi Colt Lancer. Alifariki mwaka 2013. Funzo la ule ushindi wa kwanza limebaki: gari kuukuu katika mikono ya fundi ajuaye halishindwi na gari jipya katika mikono ya asiyejua.

Safari ilianza mwaka 1953, na katika miaka yake mingi njia zake za magharibi zilipita katika nchi hiyo ya chai, kwenye utelezi wa udongo mwekundu na mvua isiyopiga hodi. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo pia mashindano mengine, Safari Classic, ambayo ni ya magari ya kale peke yake. Na mbali na mashindano, wapo watu Kericho, Litein, Sotik na Bomet walioweka Peugeot 404 ya baba, Land Rover ya shamba, au Datsun ya ujana wao, wakataka ziendelee kutembea. Kwa watu hao adui mkubwa ni joto la moshi utokao injini pamoja na maji yanayolikuta joto hilo. Leo nataka tuzungumze juu ya dawa moja ya adui huyo, ambayo ni kuyavika mabomba ya moshi koti la kaure, au kama mafundi wasemavyo, seramiki.

MOTO UENDAKO

Petroli ikichomwa ndani ya injini, si moto wote unaofanya kazi ya kusukuma gari. Kwa makadirio ya jumla, kiasi cha thuluthi moja hivi ya joto hutoka na moshi, sehemu nyingine kubwa kama hiyo huchukuliwa na maji ya rejeta, na kinachobaki ndicho kinachozungusha magurudumu. Moshi huo, gari likipanda mlima kwa nguvu, hutoka ukiwa na joto la kati ya nyuzi 700 na 900 za Selsiasi.

Mahali moshi unapopokewa mara tu utokapo kwenye silinda, magari mengi ya kawaida yana pande zito la chuma cha kusubu, ambalo mafundi huliita manifoldi. Ni imara, lakini limebana, na moshi wa silinda moja hugongana na wa nyingine. Magari ya mbio huondolewa pande hilo yakawekewa heda: mabomba membamba ya chuma yaliyopindwa, kila silinda na bomba lake, kisha yanakutana mbele. Katika injini ya silinda nne inayowaka kwa mpango wa 1, 3, 4, 2, fundi hulikutanisha bomba la kwanza na la nne, na la pili na la tatu, ili pumzi za silinda hizo zisiingiliane. Hapo injini hupumua vizuri zaidi. Lakini bomba jembamba lina dosari yake. Chuma cha kawaida kikizidi nyuzi 500 na ushei huanza kuvuka magamba na kuliwa, na joto lake hutapakaa chini ya boneti likaunguza waya, mipira na kila kilicho jirani.

Tutwae mfano wa Datsun. Mwaka 1970 Edgar Herrmann aliishinda Safari kwa Datsun 1600 SSS, na mwaka 1971 akaishinda tena kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta naye alishinda kwa 240Z. Injini za magari hayo ni ndugu, na zote zina tabia moja: kabureta na mabomba ya moshi yako ubavu mmoja, kabureta juu, moto chini yake. Ni kama kuweka chupa ya mafuta juu ya jiko.

Sasa lipandishe gari hilo mpaka Kericho, mji ulioko kiasi cha meta 2,000 juu ya bahari. Huko hewa ni nyepesi, na uzito wake umepungua kwa kadiri ya humusi moja kuliko hapa kwetu. Ndiyo maana maji ya chai, ambayo Mombasa huchemka kwa nyuzi 100, Kericho huchemka kwa nyuzi 93 hivi. Na kama maji yanachemka mapema, petroli nayo ni vivyo hivyo. Dereva hupanda mlima, akasimama kidogo kununua mahindi ya kuchoma, upepo wa mwendo ukakatika, na joto la mabomba likapanda moja kwa moja kwenye kabureta. Petroli ikachemka humo humo. Akijaribu kuwasha, injini hukohoa tu. Hilo ni la kuudhi. La kuogofya ni kwamba petroli inayofurika kutoka kabureta huweza kudondoka juu ya bomba lenye moto. Magari kadha wa kadha yameteketea kwa njia hiyo, na mara nyingine pamoja na jitihada ya miaka ya mwenyewe.

Kisha kuna mvua. Nchi hiyo hupata mvua karibu mwaka mzima, aghalabu alasiri, na mvua ya mawe ni ya kawaida huko kuliko sehemu nyingi za dunia. Mvua hiyo ndiyo rehema ya mchai. Lakini chuma kilichoiva kikirushiwa maji ya dimbwi hupata mshtuko, na manifoldi ya chuma cha kusubu huweza kupasuka. Na gari likisha kulala, unyevu hufanya kazi usiku kucha. Sisi wa pwani twaijua kutu ya chumvi. Wao wana kutu ya ukungu. Jina ni moja na mwisho ni mmoja.

KAURE SI JAMBO GENI KWETU

Jina la seramiki lisikutishe, ewe msomaji, ukadhani ni jambo la wazungu tu. Mambo ya udongo uliopikwa tumeyajua kabla ya magari. Katika Manda na Shanga wachimbaji wa mambo ya kale wamevikuta vipande vya vyombo vya Ghuba vilivyopakwa rangi ya kijanibuluu yenye mng'aro wa kioo, vya zaidi ya miaka elfu moja. Gedi walikuta kaure za Kichina, na vidaka vya nyumba za Lamu vilijengwa kwa ajili ya kuzipamba. Waliovitengeneza vyombo hivyo walijua siri mbili: kwamba udongo ukipikwa kwa moto mkali hauogopi tena moto, na kwamba ukiupaka ngozi ya kioo maji hayapenyi.

Kuzihamisha siri hizo kutoka udongo kwenda chuma nako hakukuanza jana. Bakuli na birika za enameli zilizojaa jikoni mwa mama zetu zilikuwa chuma kilichovikwa kioo. Hata wenye viwanda vya magari walilitumia jambo hilo: Jaguar waliyapaka enameli ya namna hiyo mapande ya moshi ya magari yao ya fahari, kama E-Type ya mwaka 1961, yakang'aa kama sahani mpya. Kisha wahandisi wa ndege na roketi wakaenda mbele. Walitafuta kitu cha kulinda chuma kisiyeyuke mbele ya moto wa kupita kiasi, wakaitumia kaure ya madini ya zirkonia, ambayo hupitisha joto kidogo mno, chini ya sehemu moja kwa ishirini ya lile lipitishwalo na chuma cha kawaida. Kutoka kwenye ndege ujuzi ukashuka kwenye magari ya mbio, na kutoka kwenye mbio ukafika kwa mwenye gari la kale.

Na mfano wa karibu zaidi uko barazani kwako. Mapema katika miaka ya 1980 Kenya ilianza kutengeneza jiko la makaa lenye bati nje na udongo uliopikwa ndani. Mafundi wa jua kali walilipokea, likaenea mpaka nchi za jirani. Jiko la bati tupu huwachoma watoto na kula makaa. Hili la udongo huubakiza moto mahali pa kazi. Viwanda vya chai navyo vina tabia hiyo hiyo. Ukiingia katika kiwanda cha wakulima kama Kapkoros au Tirgaga, huko Bomet, joto la kukaushia majani hutoka kwenye bwela linalochomwa kuni, na moto wa bwela sharti uzuiwe kwa matofali ya moto, na mabomba ya mvuke yafungwe yasipoteze joto njiani. Heda iliyovikwa kaure ni binamu wa jiko hilo na wa bwela hilo. Moto una njia yake, usiuache utangetange.

KAZI YENYEWE

Kazi hii haina miujiza, ina subira. Kwanza heda hufunguliwa, ikaoshwa mafuta yote. Chuma ni chenye vinyweleo, na mafuta yaliyojificha humo hutoka baadaye yakaibambua kaure. Kwa hiyo fundi mwangalifu huipika heda kavu kwenye tanuri ili mafuta yaungue. Pili, hupigwa mchanga mgumu kwa upepo wa kompresa mpaka kutu yote iishe na uso wa chuma ukakwaruzika sawasawa, maana kaure haishiki kwenye chuma laini wala kwenye kutu. Baada ya hapo haifai kuishika kwa mkono mtupu, kwani jasho la kidole latosha kuharibu. Tatu, hupuliziwa kaure ya majimaji, nje na, panapofikika, ndani. Tabaka lenyewe ni jembamba, kiasi cha mikroni 25 mpaka 50, yaani halifiki unene wa unywele wa kawaida. Nne, heda hurudishwa tanurini ikapikwa kwa joto na muda uliowekwa na mtengenezaji, aghalabu nyuzi mia mbili na ushei au zaidi.

Zipo namna mbili zinazojulikana sana. Moja hung'aa kama fedha, kwa kuwa imechanganywa na alumini. Hiyo hupendwa kwa sura na huzuia kutu vyema, lakini haistahimili joto la juu kabisa. Nyingine ni nyeusi au ya kijivu isiyong'aa, nayo huvumilia moto mkali zaidi. Mwenye gari la kutembelea Jumapili atatosheka na ya kwanza. Mwenye kupanda milima ya Nandi kwa mbio na achague ya pili.

Faida yake ni ipi? Wauzaji husema mengi, na si yote ya kuaminiwa. Tabaka jembamba hivyo haliwezi kulizuia joto kama ukuta wa mawe. Lakini linafanya mambo mawili ya hakika. La kwanza, huziba chuma kisikutane na maji na hewa, na hapo kutu hukosa chakula. La pili, namna ile ya kung'aa hupunguza joto linalorushwa kutoka usoni mwa bomba. Tazama dele la kahawa: likiwa limesuguliwa likang'aa, kahawa hukaa moto muda mrefu, likiwa limejaa masizi, hupoa upesi. Bomba lenye kutu ni dele lenye masizi. Joto likibaki ndani, moshi hutoka kwa kasi, kabureta hupumzika, na mikono ya fundi nayo husalimika zaidi, ingawa si vema kuigusa heda yenye moto, hata ikiwa na kaure.

Lipo onyo moja ambalo wengi hulipuuza. Injini iliyotoka kufanyiwa matengenezo makubwa isizinduliwe na heda mpya ya kaure. Siku za mwanzo majira ya kuwaka huwa hayajakaa sawa na mchanganyiko wa petroli na hewa haujapimwa; moshi huweza kupata moto kupita kiasi ukaibambua kaure kwa dakika chache. Tumia bomba la zamani kwanza. Injini ikitulia, ndipo uivike nguo zake za sikukuu.

NGUO MBAYA KWA MVUA

Wapo wanaosema: ya nini gharama hiyo, si tufunge bomba kwa kitambaa? Ni kweli kwamba ukanda wa nyuzi za kioo, ukifungwa kama bendeji, huzuia joto, pengine hata kuliko kaure. Katika nchi kavu una nafasi yake. Lakini katika mvua ya Kericho kitambaa hunywa maji na kuyakumbatiza kwenye chuma. Gari likilala, bomba hulala ndani ya nguo mbichi, na baada ya muda unapofungua unakuta chuma kimekuwa kama karatasi.

Kuna jambo zito zaidi ya bomba. Katika magari ya zamani, vitambaa vya kuzuia joto na gasketi nyingi za moshi vilitengenezwa kwa asbestosi. Vumbi lake likivutwa hukaa mapafuni, na huleta maradhi ya kupumua na saratani, ambazo huweza kujidhihirisha baada ya miaka ishirini, thelathini au zaidi. Fundi kijana anayekwaruza gasketi kuukuu kwa kisu na kupuliza vumbi kwa kompresa hasikii maumivu yoyote siku ile. Anarudi nyumbani na vumbi katika nguo zake, na watoto wanamkumbatia. Basi mwenye kulifungua gari la miaka ya 1950, 1960 au 1970 asidhani kila kitambaa cheupe ni pamba. Kiloweshwe maji, kiondolewe bila kupuliza, mdomo na pua zikiwa na kinga ifaayo, na mabaki yafungwe yasipeperuke. Gari la kale hununulika tena, lakini pafu halina spea.

RANGI SI KAURE

Sasa tufike kwenye soko. Kila kitu chema kina mfano wake wa uongo. Ipo rangi ya moto ya mkebe, ipulizwayo kwa dakika tano. Hiyo ni rangi, ina kazi yake, lakini aghalabu hubabuka baada ya safari chache. Ipo rangi ya unga ipakwayo milango na madirisha ya chuma, nayo hupikwa tanurini kwa nyuzi 200 hivi, nzuri sana kwa dirisha, lakini juu ya heda huungua ikatoa moshi. Muuzaji asiye na haya huziita zote seramiki na kutoza bei ya seramiki. Mwenye gari hajui mpaka amefika mlimani.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, uliza maswali manne. Utapiga mchanga? Utapika kwa nyuzi ngapi na kwa muda gani? Ndani ya bomba pia utapaka? Na kaure hiyo yastahimili joto la nyuzi ngapi? Fundi wa kweli atajibu bila kukasirika, na pengine atakueleza hata yale usiyouliza. Atakayejibu "usijali, mzee wangu" bila neno jingine, huyo ndiye wa kumjali. Nasema hivi kwa kuwa kughushi katika kazi ya moto si wizi wa fedha tu. Mnunuzi anajiona ana kinga, kumbe hana, na watoto wake wamo ndani ya gari.

JE, GARI HUBAKI LA KALE?

Wapo wenye kushika asili ya gari kama mtu ashikavyo nasaba. Kwao, skrubu isiyo ya mwaka ule ni aibu. Katika maonyesho ya magari kama yale ya Concours d'Elegance ya Nairobi, waamuzi huchungulia mpaka chini ya boneti, na heda inayong'aa kama mwezi kwenye gari ambalo kiwandani lilitoka na chuma cheusi huweza kuonekana kama mzee aliyepaka hina nywele zote. Hoja yao ina uzito. Kitu cha kale kikibadilishwa kidogo kidogo, siku moja hubaki jina tu.

Lakini mimi naona ipo njia ya kati. Manifoldi ya asili yaweza kupakwa kaure nyeusi isiyong'aa, ikabaki na umbo lake na karibu rangi yake, ila haipati kutu. Na mwenye kuweka heda na aiweke ile ya asili mahali pakavu, imepakwa mafuta, ili wajao baada yake waweze kuirudisha. Hapo hatakuwa amevunja, ameazima. Tusisahau pia kwamba Volvo ile ya mwaka 1965 haikushinda kwa kuwa iliachwa kama ilivyotoka kiwandani.

Neno la mwisho ni kwa mwenye kushuka. Gari lililopimwa kabureta Kericho, kwenye hewa nyepesi, likiletwa Mombasa hupata hewa nzito na petroli ile ile kidogo. Mchanganyiko ukikosa petroli, moshi huzidi moto, na valvu na heda ndizo zilipazo. Vivyo hivyo, lililopimwa Mombasa likipandishwa Kericho hulewa petroli, likatoa moshi mweusi na kuchafua plagi. Kaure haitibu hilo. Anayesafiri baina ya bahari na mlima hana budi kubadilisha jeti za kabureta, au angalau kumwona fundi kila mwisho wa safari.

Na fundi ndiye tunayemrudia. Magari haya yatadumu muda ule ule watakaodumu watu wenye kujua kuyasikiliza. Wale waliojifunza kwa mikono katika gereji za Kericho, Kisumu na Mombasa wanazeeka, na vijana wamezoea magari yanayosomwa kwa kompyuta. Kijana atakayejifunza kupiga mchanga, kupika kaure na kupima kabureta kwa sikio atakuwa na kazi isiyo na wagombea wengi. Mwenye gari la kale na amlipe stahili yake, amnunulie kinga ya pua, na amruhusu mwanawe asimame karibu atazame. Kaure ya Kichina ilidumu Gedi kwa karne nyingi baada ya wenye kuitumia kuondoka. Ustadi hauna sifa hiyo. Huondoka pamoja na mwenyewe, isipokuwa ule aliomwachia mtu.